Nilimwambia Ni Tezi Tu

Bulla Pesa,
Isiolo.
9 Septemba 2024

Mpendwa kaka Abdikarim,

Assalamu aleikum. Hujambo huko Doha, na joto linakutendeaje? Mahat unayekaa naye ameshapona mguu? Sisi tuko. Mvua bado, lakini mbuzi wa Baba wanapata majani kule Biliqo.

Kwa simu nimeshindwa, na barua hii nimeichana mara mbili. Ni juu ya mama yako.

Idd ya Ramadhani, mwezi wa Aprili, nilikwenda Merti kumsalimia. Asubuhi ya kuondoka, pikapu ikipiga honi nje, Shangazi alishika mkono wangu akauweka kwapani mwake. "Hoda, kuna kitu kama kokwa hapa. Hakiumi." Nilikigusa begi likiwa begani. Nikamwambia, "Kama hakiumi, si neno. Ni tezi tu."

Kaka, unajua ninachosomea. Mwaka wa pili huu wa uzamili kazi yangu ni kuangalia kwa hadubini jinsi kansa inavyosafiri katika mishipa ya limfu mpaka kwenye tezi. Kansa ya titi mara nyingi hupitia kwapani kwanza, na kitu kigumu kisichouma ndicho cha kuogopwa. Jambo hilo ninaliandika kila siku. Siku ile sikulikumbuka.

Kibaya zaidi, muda mfupi baadaye nesi wa zahanati alimwambia aje Isiolo apimwe. Akakataa: "Mtoto wetu anayesoma hayo mambo amesema ni tezi tu." Miezi minne ikapita kwa neno langu.

Mwezi uliopita alianza kudhoofika, ndipo Baba akamleta mjini. Tulimpeleka hospitali Meru, wakakata kipande cha uvimbe wakapima. Ni kansa ya titi, na imefika kwenye ini. Daktari anasema dawa zitamwongezea muda na kumpunguzia maumivu. Kupona, hapana.

Nilimwambia mwenyewe kwamba kosa ni langu. Akauliza, "Ungejua, ungeniambia?" Nikasema ndiyo. "Basi kunywa chai, inapoa." Yeye amenisamehe hivyo tu. Mimi bado sijaweza.

Amenikataza nisikuambie mpaka mkataba wako uishe Desemba. Nilimkosea kwa kusema bila kupima. Sitamkosea tena kwa kunyamaza. Liban anasafiri kuja huko Doha Ijumaa, atakupa barua hii mkononi.

Baba anakusalimu sana, na Ado hapa nyumbani pia. Mungu akufungulie njia.

Usingoje Desemba, kaka. Omba ruhusa uje sasa, angali anatembea na kucheka. Kama una hasira na mimi, njoo nazo. Njoo tu.

Dada yako akupendaye na anayekuomba radhi,
Hoda Tadicha