Betri Juu ya Bati

Wajir, nyumbani kwa Bishar

Kwa Rukia, mke wa mwanangu, huko Masalani kando ya mto.

Asalaam aleikum. Hujambo? Mtoto hajambo? Jino lake la pili limetoka? Mama yako magoti bado yanamsumbua? Sisi huku ni wazima, alhamdulillahi, ila mimi nimepatwa na jambo ambalo tangu juzi kikombe cha chai hakimaliziki mkononi. Naandika mwenyewe, kwa mwandiko huu wa gumbaru, shule ya watu wazima, maana nikimpa Bishar aandike atapunguza maneno. Usicheke.

Siku uliyoondoka unaikumbuka. Ile betri ya mashine ya Bishar, ya kukatia ua wa miti wa mradi wa maji, ilikutwa imevimba, imetoa unga mweupe, imekufa. Nikasimama mlangoni nikasema wewe ndiye umeiua na hivyo vitabu vyako vya maagizo, na kwamba mtu wa mtoni hajui kutunza kitu. Wanawake waliokuwa wakirudi kisimani wote walisikia. Hukunijibu. Ulifunga nguo za mtoto ukapanda lori.

Sasa sikiliza. Mradi ulimpa Bishar betri nyingine, na mkubwa wake akamwambia: hii nayo ikifa, mashine inarudi stoo na wewe unarudi kwenu. Nikasema basi, hii nitaitunza mimi, asiguse mtu. Kila adhuhuri nikaiweka juu ya bati la jiko ipigwe na jua, kama ninavyoyafanyia mawe ya redio yangu, zile betri ndogo. Mawe yakichoka nayaanika, jioni nasikiliza habari mpaka mwisho. Nani asiyejua hilo? Hata ile ya kwanza niliianika, wewe ukiwa kisimani. Sikukwambia kwa sababu nilijua naisaidia.

Juzi nikapanda juu ya debe kuichukua. Walaahi, Rukia, nilipiga kelele majirani wakatoka! Imeniunguza vidole. Imevimba vilevile. Unga mweupe uleule. Nikakaa chini pale pale kwenye mchanga, nikatazama mlango wako, umefungwa. Wewe hupo. Uko Masalani siku ishirini sasa. Basi hii nani ameiua?

Nikaifunga kwenye leso nikampelekea yule mzee fundi wa jenereta. Akaigeuza, akainusa.

"Ayeeyo, bibi, hii ilikuwa inakaa wapi?"

"Juani."

"Jua hili la Wajir?"

"Unajua lingine?"

Hakucheka. Akasema hii si jiwe la redio, joto ndilo linaloiua. Ikitoka kazini ina moto, iwekwe kivulini ipoe kwanza ndipo ichajiwe. Na isichajiwe kabla mashine haijachoka, itazoea uvivu. Nikamuuliza, haya yote umeyajua wapi?

"Mke wa Bishar ndiye aliyenisomea karatasi ya maagizo iliyokuja nayo. Mimi Kiingereza sijui."

 Kumbe hii betri ni kama ngamia, aone kiu kwanza, kisha anywe mpaka ashibe, na asifungwe juani bila sababu. Mbona hukuniambia hivyo? Wewe kila siku "maagizo, maagizo". Ungesema ngamia ningeelewa siku ileile! Hilo ni kosa lako. Na kunyamaza kwako pia ni kosa. Mtu akisingiziwa aseme!

Langu nimelibeba. Jana nilisimama mlangoni pale pale, wanawake wakirudi kisimani na madumu yao, nikasema: Rukia hakuua betri, nimeua mimi, zote mbili. Mmoja akaanza kutabasamu, nikamtazama, akaacha. Kisha nikaenda kwa mkubwa wa Bishar nikamwambia maneno hayohayo.  Akafungua kabati, akatoa betri ya mwisho.

"Hii ataitunza nani, mama?"

"Anayejua," nikasema.

Lile neno unalolisubiri ni hili: nisamehe. Nimeliandika mara moja, usije ukaniambia nilirudie.

Betri iko ndani ya sanduku lako la mbao, chini ya kitanda chako, pakavu, jua halifiki. Nimelifunga. Ufunguo nimeushona kwenye pindo la shuka ya mtoto, huyu dereva wa lori atakupa hiyo shuka pamoja na barua. Wa pili sina. Bishar analalamika, ua umeota mpaka njiani na mbuzi wanafurahi. Mwache alalamike, yeye pia alinyamaza siku ile.

Nisalimie mama yako, umwambie yale niliyosema juu ya watu wa mtoni nimeyarudisha. Nisalimie kaka yako mwenye mashua, na shangazi yako yule mwenye mdomo kama wangu. Mtoto mbusu utosini.

Fundi anasema betri ikikaa tu haifi, lakini nguvu zinapungua kidogo kidogo. Na mimi ni mzee kuliko betri. Njoo ufungue.

Ni mimi, mama yake Bishar, ayeeyo wa mtoto wako.