Kiti cha Nyuma cha 404

Papa,

Gari lako, ile 404, limerudi bila wewe. Unalijua hilo kuliko mimi, lakini sina pengine pa kuanzia. Amelirudisha Kambale, rafiki yako, uliyemwachia usukani siku ile. Anasema mlipigwa risasi mkitoka Beni, akakulaza kwenye kiti cha nyuma, ukakata roho kabla ya kufika bariera, kizuizi cha wanajeshi njiani. Hapo wanajeshi wakakushusha. Maiti haipiti, wakasema, itazikwa hapa hapa, gari lipite. Wakamwamuru asigeuke kutazama, naye hakugeuka. Simlaumu. Siku nyingine namlaumu sana.

Basi kilichofika Butembo ni damu yako tu.

Wajomba walitaka tuzike mgomba, kama wafanyavyo watu waliokosa maiti. Walikwisha kuukata na kuuegemeza ukutani. Mama aliutazama, akasema, "Mimi sikuolewaka na mugomba." Kisha akanigeukia mimi: "Masika, toa papa yako mu ile kiti." Alitaka nioshe kitambaa, maji yale yenye damu ndiyo tuyazike.

Nilijua naweza. Nani mwingine uliyemfundisha? Kitambaa kile cha kijivu kilitoka na gari kiwandani, ukakikuta hivyo kwa Mgiriki wa kahawa aliyekuuzia. Mjomba aliposhauri uweke skai, ile ngozi ya plastiki, ulimnunia tangu Kwaresima hadi Pentekoste. Maharusi wa mji mzima wamekikalia, na kila baada ya harusi tuliinama humo mimi na wewe. Mafuta ya mawese tuliyamwagia unga wa muhogo, tukaacha unywe, kisha brosi laini. Na siku bibi harusi mmoja alipotokwa na damu ya pua, ulinishika mkono nimebeba birika. "Mu damu hapana tia maji ya moto. Itaiva mule ndani kama yai, hapana toka tena."

Dada zako hawakulijua hilo. Walifika asubuhi kutoka Musienene, mimi na Mama tuko parokia kuomba misa. Waliposikia kuna kazi ya kuosha, wakataka kutusaidia. Niliwakuta wamepiga magoti mlangoni mwa gari, mvuke unatoka kwenye beseni. Mkubwa wao akaniambia, "Hatuwezi osha kaka yetu na maji ya baridi."

Walikuwa wanakuosha, Papa. Walikuosha kwa upole, kama anavyooshwa maiti, wakikuita kwa jina la utoto wako. Nilitaka kupiga kelele. Nikachukua taulo nikawasaidia kukausha.

Halafu nikajaribu yote. Maji ya kisima, baridi ya kukata vidole. Chumvi. Sabuni. Niligonga kwa kitambaa cheupe bila kusugua, kutoka pembeni kuelekea kati, ulivyonionyesha. Maji yalibaki meupe. Nililia juu ya beseni la maji safi, na sijawahi kuyachukia maji namna ile.

Nikaenda kwa Mama kumwambia umekataa kutoka. Alikuwa ameketi karibu na shimo lililochimbwa tayari, na wajomba walikuwa wameusogeza tena mgomba.

Nikachukua wembe. Wewe uliyekuwa ukikagua viatu vya maharusi ili visikwaruze kitambaa, mimi binti yako nimekipasua kwa wembe. Nilifuata mshono kadiri nilivyoweza. Chini yake sponji nayo ilikuwa imekunywa, nikaichimba hadi nikaona chuma cha springi. Dada zako walinitazama. Nadhani walielewa hapo.

Kitambaa na sponji Mama alivifunga kwenye shuka lenu la kitanda. Hakukubali mtu ambebee. Katekista alisali sala zote, kana kwamba mwili mzima uko pale, hakuruka hata moja, na wajomba wakavua kofia.

Walipoanza kufukia, Mama aliwazuia shimo likiwa nusu. Kaburi lako halijajaa, Papa. Juu tumelaza mabati mvua isiingie, na udongo uliobaki uko pembeni. Majirani wanasema ni mwiko, wengine wanasema Mama amechanganyikiwa. Hakuna aliyechanganyikiwa hapa.

Njia ya Beni sasa haipitiki. Siku itakapopitika nitakwenda na Kambale, atanionyesha ile bariera, nami nitachimba mwenyewe. Pumzika kwanza na hicho kidogo. Tumekuzika kidogo tu, wewe uliyebaki nitakufuata.

Binti yako,
Masika