Tundu la Pumzi

3 Februari

Kwako Baba,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima wa mwili, ila roho haijatulia.

Najua umeutafuta mkasi wa bati mpaka chini ya kitanda. Usimgombeze mama, niliuchukua mimi, asubuhi ile nilipoondoka bila kuaga. Ulisema nikitoka karakanani kwako nikaenda kucheza sinema, nisirudi. Nilisikia, Baba. Lakini mimi sichezi sinema! Mwongozaji alitaka fundi bati. Tunatengeneza filamu ya safari za angani, kwa mtindo wa zamani: sayari ni mipira iliyopakwa rangi, jiji zima ni makopo ya maziwa na vifuniko vya sufuria. Roketi, ndefu kama mkono wangu, nimepewa mimi.

Nijibu hata mstari mmoja, hata wa kunitukana.

Mwanao, Kitindamimba

19 Mei

Baba yangu,

Shikamoo tena. Hii ni barua ya nne, jibu hakuna. Mama ananiambia kwa simu kuwa u mzima, unakula vizuri, ila jina langu hutaki kulisikia. Haya, ule tu, hilo ndilo la maana.

Nimeharibu kazi. Tangu nina miaka tisa umenifundisha: chombo kinachozibwa pande zote kiachiwe tundu dogo la pumzi, hewa ikipata moto itoke. Mimi, kwa kutaka roketi ing'ae bila doa, nikaliziba tumbo lote. Tulipowasha moto wa mkiani, puu! Ikapasuka mbele ya kamera. Wiki sita za kazi, Baba! Nikaanza kukusanya vyombo vyangu nifukuzwe vizuri.

Mwongozaji akapiga makofi. Eti ndiyo picha nzuri kuliko zote, na hadithi itabadilishwa ili roketi ilipuke. Wote wananisifu, nami nimenyamaza. Mtu mmoja tu ataigundua aibu yangu, naye hasemi na mimi. Filamu itafika huko mwezi wa nane. Tafadhali usiende.

Mwanao, Kitindamimba

2 Septemba

Mwanangu Kitindamimba,

Marahaba, na marahaba nyingine zote ulizonidai. Mgongo unauma kwa sababu ya viti vya sinema. Unaniambia nisiende, halafu nikae nyumbani? Hunijui?

Filamu yenyewe, watu wake hewa tupu. Yule rubani hana mama, hana njaa, hana hata wa kugombana naye. Mchumba wake kazi yake mayowe. Wafe wapone, mimi nilikuwa napiga miayo. Lakini lile jiji, jamani! Vifuniko vya sufuria vinazunguka juu ya mapaa, na ule mwezi wa shaba unafunguka katikati! Nilibaki mdomo wazi, mama yako akaufunga kwa mkono wake.

Kisha ikaja roketi. Nikaona mshono umekunjwa mara mbili, ukapigwa kwa ndani, nikajua mkono wa nani. Ikapasuka. Ukumbi mzima makofi. Mimi nikasimama nikapaza sauti: "Hakuacha tundu la pumzi! Kila siku namwambia!" Wa nyuma wakanizomea nikae. Nikakaa, nikacheka hadi machozi, mama yako akadhani nimeugua.

Binti yangu, miezi saba nilidhani umeitupa kazi ya babu yako. Niliogopa karakana itazikwa na mimi, na hasira ikanifunga mdomo. Kumbe kazi hujaitupa, unayo mikononi. Sasa nalala usingizi wa haki. Nisamehe kwa ule ukimya. Ukaidi wangu unaujua, maana umeurithi wote, ndugu zako hukuwaachia hata kidogo.

Ukipata likizo, njoo. Mlango hauna kinyongo, na mwenye mlango pia.

Mkasi usiurudishe. Humu kwenye kifurushi nimeweka msumari wa kutobolea, ule wa babu yako. Mkasi uliuiba. Huu nakupa mwenyewe.

Baba yako