Siagi kwenye Boneti

Jumapili, 7 Septemba

Kipngeno ana gari! Kifungua mimba wangu, yule walisema hatafika popote kwa sababu aliacha chuo. Amepiga simu nikifunga kitambaa cha kanisa. Mama, kesho nakuja na gari ya kazi, fagia lile banda vizuri, nataka mahali hakuna vumbi. Gari ya kazi. Sikuuliza zaidi, ningeuliza nini? Mwalimu mkuu wetu hana gari ya kazi. Chifu anapanda boda.

Kanisani nilishindwa kunyamaza. Wakati wa shukrani nikasimama, nikasema. Mchungaji Kipkosgei akasema gari mpya lazima iombewe, akatangaza papo hapo: Jumamosi saa nne, nyumbani kwa Mama Kipngeno, ushirika wote. Phelis jirani yangu alikuwa anatafuta kitu ndani ya kibeti, na hakukipata mpaka tukafunga ibada. Kijana wake ana pikipiki tu.

Jumatatu, 8 Septemba

Amefika jioni na mvua. Prado nyeusi! Imejaa kwenye banda lote, lile marehemu baba yake alijenga kwa ajili ya kinu cha posho ambacho hakikuja. Sasa limepata wa kukaa.

Amekunywa mursik, maziwa yetu ya kibuyu, amelala na viatu. Kitu kimoja tu hakijanipendeza. Hiyo gari ina nailoni juu ya rangi. Ilibandikwa ikiwa safi kama kioo, sasa imekuwa manjano, imepasukapasuka kama kisigino changu. Anasema ataibandua yote aweke mpya. Ndiyo kazi yake huko Kericho mjini, kuvalisha magari nailoni ili mawe ya barabara yasichubue rangi. Mimi nimekuwa nikiwaambia watu ni injinia. Bado nasema.

Jumanne, 9 Septemba

Boneti iko uchi. Asubuhi yote ameipasha moto na draya kama ile ya saluni, anavuta nailoni polepole, gundi ikibaki anapangusa na spiriti. Nilijiona humo ndani. Nimezeeka, lakini si sana.

Ameenda Bomet kuchukua nailoni mpya. Amesema mtu asiguse. Mimi si mtu, mimi ni mama yake. Nimekata sinendet kwenye ua, ule mtambaa tunaowavisha washindi, nikaupima kwenye vioo vya pembeni — umetosha. Nimeuficha mpaka Jumamosi. Halafu siagi ya nyumbani. Alipofaulu mtihani nilimpaka kichwani, na gari haina kichwa, ina boneti. Nilipaka, nikaomba, nikapangusa na leso mpaka ikang'aa kuliko alivyoiacha.

Jumatano, 10 Septemba

Afadhali ningekuwa shambani nikichuma majani chai, nisisikie.

Phelis alikuja na kibuyu cha maziwa. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa banda na chai ya kijana. Phelis akasema, hongera baba, umetutoa aibu kijiji kizima. Kipngeno hata hakuinua kichwa, alikuwa analaza nailoni kwa maji ya sabuni, anasukuma maji nje na kipande cha mpira. Akacheka. "Hongera ya nini, mama? Hii ni ya Kimotho, yule wa hardware pale Bomet. Mimi nabadilisha hii film ya nailoni tu. Ni gari ya kazi."

Gari ya kazi. Kumbe ni gari ambayo yeye anaifanyia kazi. Si gari ambayo kazi imempa. Na mimi nimesimama na hilo neno mbele ya madhabahu.

Phelis akanikuta nje. "Mama Kipngeno, sasa Jumamosi tunaombea ya nani?" Hakucheka. Heri angecheka.

Tukila ugali kijana ameniambia mengine, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kuyaharibu. Kimotho ana chumba kando ya hardware, sakafu ya simiti, mlango mpana. Prado ikitoka vizuri, chumba ni cha Kipngeno, aanze kazi yake mwenyewe, asiwe tena wa kutumwa. Nikasema vizuri sana, baba.

Alhamisi, 11 Septemba

Nailoni imekataa kushika.

Pembeni imeinuka, katikati kuna mabaka kama ngozi iliyoungua. Alisukuma mpira, akarudia, ikainuka tena. Akasema hapa kuna mafuta, mama, nani aliingia humu? Nikasema labda ndama. Ee Mungu wangu, ndama.

Akabandua pembe moja, akapitisha kidole, akanusa. Akanusa tena. Akanitazama na yale macho ya baba yake.

"Mama. Hii ni siagi."

Nikasema nilikuwa nakubariki. Akaketi kwenye sakafu, miguu mbele kama mtoto. Hakunifokea. Baadaye amenieleza kwa upole, kama mwalimu wa watoto wadogo: hata alama ya kidole inazuia gundi, na nailoni ikishavutwa haibandikwi tena. Ameagiza ingine kutoka Nairobi. Itafika Jumamosi asubuhi.

Jioni nimekwenda kwa Mchungaji kuzuia maombi. Nilikuwa nimepanga maneno. Kabla sijakaa akasema, "Mama, Mungu amekuinua, hata ushirika wa kule juu wanakuja." Mke wake akaniuliza wavae sare ama nguo za kawaida.

Nikasema sare.

Sijui ni nani aliyesema. Mdomo ulikuwa wangu.

Ijumaa, 12 Septemba

Sikuchuma chai. Siwezi kwenda kituo cha kupimia majani, wanawake wote wananiita Mama Prado.

Kimotho amepiga simu. Kipngeno aliweka spika kwa sababu mikono ilikuwa na spiriti. "Kijana, kesho nakuja kuichukua mwenyewe. Nakuja na bibi, aone hiyo kazi. Saa nne hivi." Kipngeno akasema sawa, mzee, itakuwa tayari. Haiwezi kuwa tayari, nailoni yenyewe bado iko njiani.

Akaniita nimsaidie. Mimi! Nimenawa mpaka kwenye viwiko, amenipa nishike ukingo wa ile iliyoharibika, yeye anapasha moto. "Polepole, mama. Usivute kama unang'oa viazi." Nikavuta polepole. Ilitoka ndefu, nzima, na harufu yangu ndani yake. Chini rangi iko salama, nyeusi, na sisi wawili tumo. Sijawahi kufanya kazi na mwanangu hivi. Nilitaka kulia, nikaogopa machozi yadondoke kwenye boneti.

Phelis akapita barabarani, akaita, "Tutaonana kesho!" Halafu wale wa kwaya, wamebeba viti vya kanisa, wakaviteremsha kwenye ua wetu.

Kipngeno amezima draya. Anaviangalia viti. Ameniuliza kesho kuna nini.

Bado nimeshika nailoni. Nimemwambia wanakuja.

"Nani?"

Wote, baba. Jumamosi, saa nne.