Diski Mbili na Nta ya Baba Mkwe

Jumamosi, 4 Julai 1998

Treni imechelewa tena. Nimeshinda dirishani nikikata tiketi za treni ambayo haipo. Nimegombana na mtu mwenye mbuzi, halafu nikagombana na mbuzi. Diski za kompyuta hazijafika.

Nyumbani kompyuta kubwa ya Editha inagonga. Ko, ko, kimya, ko. Mke wangu anaisikiliza kama mama anavyosikiliza kikohozi cha mtoto, kisha anaendelea na kazi zake. Mimi ndiye nisiyeweza kula.

Jumapili, 5 Julai

Imefika. Baba Mkwe ameshuka na kopo la asali mapajani, yaani alishuka amelikumbatia. Alikuwa Tabora kuuza asali yake, shemeji Faustini akampa diski zetu mbili azilete. Zimetumika kidogo, zimetoka kwenye ofisi iliyobadilisha mashine. Nikalipokea kopo kwa mikono miwili. Mkwe ni mkwe.

Mzee amefanya kazi! Kopo lote limezibwa kwa nta, mfuniko hadi ukingo, kama anavyoziba asali ya safari ndefu. Ndani, diski zimeviringishwa kwenye kanga. Na pale nyuma, zile pini nyembamba zinapotokeza, napo kapaka nta. Vumbi la treni lisiingie, kasema. Vumbi la treni nalijua mimi. Nikamsifu. Editha akamsifu kwa magoti. Hakuna mtu Mpanda hii aliyewahi kupokea diski safi namna ile.

Usiku huu nimekula kidogo.

Jumatatu, 6 Julai

Hakuna umeme. Mgao. Baba Mkwe kazunguka sokoni Kashaulili kuonja asali za wenzake, karudi na dharau tupu.

Niandike kwa nini diski hizi zinanikosesha raha, maana nikisoma hapa uzeeni nitajiona mwendawazimu. Kompyuta kubwa iko sebuleni. Ndogo iko chumba cha uani, ambako Editha anachapia watu barua na maombi ya kazi. Ndogo haina diski yake, kila kitu inachota kwa kubwa kupitia waya aliopitisha mwenyewe juu ya dari, akipanda ngazi mimi nikiishika na kuomba Mungu. Kwa hiyo kubwa ndiyo ghala la nyumba. Na humo ghalani mna nyimbo za Mwalimu Nestori.

Mwalimu Nestori ni mwalimu wa kwaya kule Katumba. Alianza kutunga baada ya kuvuka kutoka Burundi, kijana, hana kitu ila sauti. Mchwa wakala daftari zake zote mwaka juzi. Macho nayo yakaanza kumwacha. Tangu hapo amekuwa akiletwa kwa baiskeli, anakaa kwenye kiti chetu chenye mikono, anaimba, na Editha anachapa maneno na noti. Hajamtoza hata chai. Printa ilikufa wakati wa masika. Flopi alizonakilia, nusu hazisomeki kwa vumbi. Ikifa ile diski inayogonga, zimekufa nyimbo. Ndiyo maana siwezi kula.

Jumanne, 7 Julai

Sabasaba. Mapumziko, na umeme umekuja adhuhuri. Kelele za redio mtaa mzima.

Editha kafungua mashine. Kaibandua nta kwenye pini kwa ukucha, taratibu, baba yake akiwa amekaa pale anatazama. Hakukwangua kwa nguvu. Ungesema anamvua mtu kofia. Kisha akachomeka diski moja mpya pamoja na ile ya zamani kwenye waya bapa unaoziunganisha na mashine.

Mashine ikiwaka huanza kwa kuorodhesha viungo vyake kwenye kioo, kumbukumbu, kibodi, diski. Ikaitaja ile ya zamani. Mpya, kimya. Akazima. Akahamisha kile kipande kidogo cha plastiki kinachoiambia diski iwe ya kwanza au ya pili. Kimya. Akaweka nyingine mpya. Kimya. Akabadilisha waya wa umeme. Kimya.

Mimi nimeshauri tuigonge kofi ubavuni. Redio yetu inapona hivyo. Editha kanipa kikombe nikioshe.

Jumatano, 8 Julai

Vilevile. Diski mpya zinazunguka, nimeweka sikio, zinavuma vizuri. Mashine haizioni. Ni kama mtu amesimama mlangoni anapiga hodi na mwenye nyumba anakula tu.

Nimempigia Faustini simu kutoka stesheni. Anaapa zilikuwa nzima, kaziona kwa macho yake zikifanya kazi. Nimemwambia maneno. Nimekata simu. Baba Mkwe ni baba yake pia, natumaini hatasikia.

Alhamisi, 9 Julai

Siku mbaya kuliko zote.

Nataka niandike jinsi mke wangu anavyofanya kazi, kwa sababu mimi ningekuwa nimeshavunja kitu. Anabadilisha jambo moja tu. Anawasha. Anatazama. Anazima. Analirudisha jambo lile lilivyokuwa, ndipo anagusa lingine. Nikimwambia abadilishe mawili tuwahi, ananitazama kama mtoto aliyemwaga maziwa. Jirani zetu wanamwita Mama Kompyuta kwa utani. Mimi leo nimemwita hivyo kwa heshima, kimoyomoyo.

Alasiri kaamua kuondoa diski mpya zote, abaki na ile ya zamani peke yake mwishoni mwa waya, aanzie mwanzo.

Mashine haikuiona.

Ile ya zamani. Ile yenye nyimbo. Akazima, akawasha. Haikuiona. Wala haigongi tena. Kumbe kugonga kulikuwa faraja.

Editha kaweka bisibisi chini, kaenda jikoni, kamenya viazi vingi kuliko tunavyoweza kula. Nimemkuta amesimama tu. Nimeogopa. Sijui kumfariji mtu asiyelia.

Ijumaa, 10 Julai

Mwalimu Nestori kaletwa kama kawaida. Nilitaka tumfiche. Editha kakataa. Kakaa karibu naye, kamwambia yote waziwazi: mashine haioni diski, huenda nyimbo hazipo.

Mzee akasema, "Mwanangu, nyie mmechoka. Mimi bado nina koo." Akaanza wimbo wa kwanza. Ule wa kuvuka mto. Ubeti wa pili ukampotea. Akaurudia, ukampotea tena. Akacheka, akapapasa fimbo yake.

Editha kavuta kiti. Kaiwasha ile ndogo kwa flopi, kaanza kuchapa upya. Kutoka mwanzo! Wimbo wa kwanza, noti ya kwanza. Mzee akikwama, anamwimbia alichokumbuka yeye, na mzee anapokea. Wamefika mbali kidogo. Nyingi hazikurudi.

Nimetoka uani kwa sababu ya macho yangu. Nimeoa mtu mkubwa. Sijawahi kumwambia.

Jumamosi, 11 Julai

Baba Mkwe anataka kurudi kwake. Anasema amekuja na mkosi. Hali chakula vizuri. Anamlaumu Faustini, anailaumu treni, anaulaumu umeme wa Mpanda, na hapo naungana naye.

Kazini nimekosea chenji mara kadhaa. Bosi kaniuliza kama nina malaria. Nikasema ndiyo, ni rahisi kueleza.

Jumapili, 12 Julai

Tumerudi kutoka misa. Editha alikuwa ametundika ule waya bapa kwenye msumari karibu na dirisha tangu Ijumaa, usikanyagwe. Nikaona sisimizi. Mstari mzima, kutoka dirishani, ukutani, hadi kwenye waya. Nikavua ndala niwafyeke.

Editha kanishika mkono. Kaniambia nisiwaguse. Akavuta kigoda akakaa kuwatazama, na kitenge chake cha kanisani, bila kuvua hata hereni. Nikadhani uchovu umempata kichwani.

Waya ule mwishoni una midomo ya plastiki, kila mdomo una vitundu vidogo ambamo pini za diski huingia. Sisimizi walikuwa wanaingia mdomoni. Mdomo mmoja wakaufanya kama soko, wa pili vilevile. Ule wa tatu, unaochomekwa kwenye mashine yenyewe, hakuna hata mmoja. Editha akautoa ukutani, akawapuliza, akanusa. Akaninusisha.

Asali.

Nta. Ile aliyoibandua kwa ukucha, kwa adabu, haikutoka yote. Ilibaki nyembamba kwenye pini, haionekani. Alipochomeka, pini zikaisukuma ndani ya vitundu. Alipohamisha diski, vitundu vikaipaka nyingine. Mwisho hata ile ya zamani ikaingizwa kwenye mdomo uliojaa nta. Haikufa. Imezibwa tu, kama kopo.

Tukatazamana. Halafu wote wawili tukatazama mlango wa chumba cha Baba Mkwe. Alikuwa amelala kidogo.

Angekuwa baba yangu mzazi ningepiga kelele hadi stesheni wasikie. Lakini mkwe! Nta ile niliisifu mwenyewe. Na yeye mwenyewe ndiye mtu makini kuliko wote waliogusa hizo diski. Nimemwambia Editha mimi simwambii. Kasema yeye atamwambia, ila si kwa namna niliyofikiri mimi.

Jumatatu, 13 Julai

Nimeomba ruhusa kazini (malaria bado inasaidia) ili nione. Sijutii.

Editha kamwandalia baba yake uji. Akapiga magoti, akampa ule waya na diski zote tatu juu ya sinia, kama mtu anavyoleta zawadi. Akasema, "Baba, nta yako imeshika. Imefika mpaka ndani nisipofika mimi. Naogopa kuitoa vibaya. Nisaidie wewe unayeijua."

Ni ukweli mtupu, na hakuna neno hata moja la kumchoma. Mzee kautazama waya muda mrefu. Ameelewa. Niliona bega lake likishuka. Halafu akaona kwamba anasubiriwa, kwamba kuna kazi, na bega likarudi. Akaomba karatasi laini, sindano, mswaki mpya, na spiriti ya zahanati. Nikakimbia kuvitafuta mimi mwenyewe, mkwe wake, kwa mbio za kweli.

Waya akauweka juu ya bati juani, midomo ikitazama chini kwenye karatasi. Anageuza mkono wake juu ya bati kupima joto. Likizidi anavuta kivuli cha ungo. Nta ikalainika, karatasi ikainywa, madoa ya njano moja moja. Kisha sindano, uzi wa pamba, spiriti, kitundu kwa kitundu. Pini za diski akazisugua kwa mswaki. Editha alikaa chini pembeni yake akimpa vitu kabla hajaomba. Wanafanana vidole hawa. Sikuwahi kuona hilo.

Sikuwa na kazi ya kufanya. Niliwatazama tu, roho yangu imetulia.

Jumanne, 14 Julai

Umeme mchana. Editha hakuharakisha. Ya zamani kwanza, peke yake.

Ko. Ko.

Nimepiga ukelele. Mwenye duka jirani kaja kuuliza nani kafa. Mashine ikaitaja kwenye kioo. Ikaingia. Orodha ya nyimbo, yote, imesimama.

Akazima. Akaongeza mpya moja. Ikatajwa. Akaanza kunakili palepale. Diski inagonga, inasita, inaendelea. Tumekaa sote watatu mbele ya kioo, hakuna aliyekwenda chooni. Baba Mkwe hajui kusoma kinachoandikwa pale lakini alishika kingo za kiti mpaka mwisho. Umeme ulipepesa mara moja, Editha akafumba macho. Ukarudi. Zimeingia.

Nyimbo chache zimekataa kabisa. Ule wa kuvuka mto umo.

Alhamisi, 16 Julai

Diski ya zamani imekufa asubuhi, safari hii kweli. Haizunguki. Editha kaifuta vumbi, kaiweka kabatini pamoja na vyombo vya harusi.

Ya pili mpya nayo imekubali. Nayo ina nyimbo zote.

Ijumaa, 17 Julai

Mwalimu Nestori kaletwa. Editha kamsomea ubeti wa pili wa wimbo wa mto. Mzee kausikiliza hadi mwisho, kisha kauimba wote bila kukwama. Akaomba anyamaziwe kidogo. Tukamnyamazia.

Baadaye Editha kaeleza mpango wake. Diski moja ibaki hapa. Nyingine iende Tabora ikae kwa Faustini, nyimbo ziwe na nyumba mbili. Akamgeukia baba yake. Kamwomba aifunge yeye, kwa nta, kama alivyoileta. Pini Editha ameshazivika kofia ya kadibodi mwenyewe, nta isiziguse.

Baba Mkwe aliuliza kama ana uhakika. Editha akasema ana uhakika. Baba yake akaenda kuwasha mkaa.

Mwalimu Nestori alipewa kopo alishike lilipopoa. Akalinusa. Akasema nyimbo zake hazijawahi kunukia vizuri hivyo.

Jumamosi, 18 Julai

Treni imeondoka kwa wakati. Nimemkatia Baba Mkwe tiketi ya dirishani. Nimemwomba radhi Faustini kwa simu, kacheka. Baba Mkwe kakaa, kopo mapajani, mikono yote juu yake. Nilimshauri aliweke kwenye rafu ya mizigo apumzike. Alinitazama tu.

Nyumbani hakuna kinachogonga. Jioni nilimwambia Editha lile ambalo sijawahi kumwambia. Kasema nisimcheleweshe, anachapa zile nyimbo zilizokataa, Mwalimu Nestori amekumbuka mmoja. Lakini sauti yake haikuwa kavu.

Nimekula ugali wote.