Milango Minne

Jumanne, 19 Machi 1996

Eutimio kanitibua tena! Kapita uani, soda mkononi, akasimama anaitazama miguu yangu inavyochungulia chini ya Impala, gari la marehemu babu. Eti: "Binamu, unajisumbua bure. La milango minne halishushwi. Hilo ni la kutoa vipuri." Vipuri vya gari gani? La kwake la milango miwili, bila shaka. Mji mzima wa Española, wapenda magari yaliyoshushwa hadi karibu yalambe lami, wanaimba wimbo huohuo: milango minne ni gari la mabibi. Haya! Babu alikuwa na watoto saba, angewapakia wapi? Mimi ndiye niliyempeleka misa kila asubuhi, akaniachia mimi. Nitalishusha, na nitaliendesha kwenda kazini kila siku.

Jumamosi, 23 Machi

Pampu za kushusha na kuinua gari zimekaa kwenye buti. Betri nne. Mzee Facundo, fundi wa zamani, macho yamemwishia, anaelekeza kwa mdomo, mimi nafunga. Vidole vimechubuka vyote. Nilipobonyeza swichi gari likashuka taratibu — nikalia. Kanionya: "Binti, usilishushe lote mahali usipotaka kukaa. Likilalia tumbo, ukachomoa na waya wa betri, jeki haipiti chini. Watu kumi hawalisukumi."

Alhamisi, 28 Machi

Nimerudi kutoka jiko la shule, nanuka pilipili. Gari halina uso! Bampa ya mbele hakuna. Show, ule wavu wa mbele, hakuna. Boliti zimepangwa vizuri juu ya tofali. Mwizi gani mstaarabu hivyo? Nikaenda kwa Eutimio, nyumba ya tatu. Kaapa kwa Bikira Maria. Gereji yake ina kufuli. Tangu lini? Shangazi Ramona akamtetea mwanawe, eti nisimsingizie mtu wakati wa Kwaresima. Niliondoka bila kuaga.

Jumatatu, 1 Aprili

Nimeliendesha hivyohivyo. Kibogoyo! Watoto wa shule wamecheka mpaka wakakaa chini.

Ijumaa Kuu, 5 Aprili

Watu wanakwenda kuhiji kanisa la Chimayó kwa miguu, nami nikatoka. Kupita kwa Eutimio — gereji wazi, yeye anang'arisha bampa na show ya gari lake. Nikapitisha kidole kona ya kushoto ya bampa. Pamebonyea kidogo. Hapo ndipo babu alipogonga lango la kanisa siku ya ubatizo wangu. Kesi imekwisha.

Wala hakuona haya. "Nimeazima tu, binamu. Jumapili ya Pasaka naongoza msafara wa magari yaliyoshushwa. La kwako ni la kwendea kazini, nani analitazama?"

Nani analitazama! Mimi! Mimi nalitazama! Nikatembea njia nzima nimekunja ngumi. Nimefika kanisani nimeshindwa kusali.

Jumapili ya Pasaka, 7 Aprili, saa tatu asubuhi

Naandika nikiwa kwenye usukani. Nimelikingamisha gari kwenye lango la Eutimio, nikabonyeza swichi zote. Chesisi imelala juu ya changarawe. Waya wa betri uko mfukoni mwangu.

Barabarani magari ya msafara yanamngoja, yanapiga honi. Kaja na suti nyeupe. Kaleta jeki. Haipiti! Kajaribu upande wa pili. Haipiti! Jamaa mmoja wa msafara akapaza sauti: "Kumbe na la milango minne linajua kulala!" Wakacheka. Safari hii hawakunicheka mimi.

Shangazi Ramona kaja na kofia yake ya kanisani. "Delfina, unatuaibisha Pasaka yote hii!" Nikamwambia amuulize mwanawe ile bampa ni ya nani. Akageuka, akamtazama. 

Halafu Eutimio kaniinamia dirishani, ananong'ona. Atarudisha kesho. Anaapa kwa Bikira Maria. Tena!

Nimempa spana. 

Kaishika. Anaitazama changarawe, anaitazama suruali yake, anawatazama watu. Shangazi amekunja mikono. Honi zimenyamaza. Amekwenda mbele ya gari lake, penye bampa na show ya babu. Anakunja suruali — goti moja limegusa chini, la pili bado —