Vioo vya Mwamvua

Jumatatu, 5 Machi 1956
Mwaka wa pili leo tangu niache kukata mkonge nikaingia maabara. Mungu asifiwe! Tumeletewa kipande cha nyama cha Mwamvua, msusi wa mikeka wa Moa. Kidonda kiganjani, huu mwezi wa saba hakiponi. Nimekigandisha kwenye nta, nikakata vipande vyembamba, nikavibandika kwenye vioo vya darubini, nikavitia rangi, hematoksilini ya Harris – ndiyo ya haraka. Daktari alikuwa na haraka. Nami zaidi yake.

Jumanne, 6 Machi
Daktari ametazama kwa darubini. Viini vya chembe ni vyeusi mno, anasema – saratani. Alhamisi mkono ukatwe. Mwamvua kaambiwa wodini. Hakulia. Kauliza tu, ukili unasukwaje kwa mkono mmoja?

Jumatano, 7 Machi
Asubuhi nimevitazama vile vioo mwenyewe. Kila kitu cheusi, hata penye nyama nzima! Nikajua. Harris hukoleza kupita kiasi. Lazima kioo kichovywe kwenye spiriti yenye asidi mpaka ziada itoke. Nilichovya mara moja, nikakimbilia kingine. Weusi ule ni wangu. Au ni wangu na wa ugonjwa pia? Sijui.

Nimemwendea Mzee Zubeiri, mkubwa wangu wa kazi. Nimemweleza yote, nikangoja kufukuzwa. Kauliza:

"Nyama imebaki kwenye nta?"

"Imebaki, mzee."

"Basi kata upya, Ernesti mwanangu. Na Harris tuiache leo."

Akaishusha chupa ya hematoksilini nyingine, ya Ehrlich, aliyoianika dirishani tangu kabla ya Krismasi ipate kuiva. Hii ni ya polepole, anasema, lakini haimsingizii mtu. Nusu saa kwenye rangi. Asidi, tukihesabu pamoja kwa sauti. Kisha maji ya bomba – wekundu ukageuka buluu machoni petu! Akasema alhamdulillahi, nikaitika amina.

Kwenye darubini viini vimetulia, kila kimoja na mpaka wake. Mzee katazama kwa kitambo, kavua miwani. Mimi si daktari, kasema. Lakini alikuwa anatabasamu. Sijapata kuwa na mwalimu kama huyu.

Alhamisi, 8 Machi
Saa mbili na nusu asubuhi. Daktari ana vioo vyote, vya kwanza na vya pili, pamoja na barua yangu ya kukiri. Upasuaji umesimamishwa! Vioo vipya vinapelekwa Dar es Salaam, kwa bingwa. Nimepita wodini, Mwamvua kanisalimu kwa mkono ule ule, kwa ncha za vidole. Sikumwambia habari ya vioo, si langu kusema. Nimetoka nje nikasali.

Nesi Praxeda kaja sasa hivi. Daktari anamtaka aliyetia rangi ya kwanza. Mara moja, anasema, na uso wa daktari si mzuri.

Nimeitwa mimi peke yangu. Lakini Mzee Zubeiri amekwisha funga vifungo vya koti lake jeupe, yuko mlangoni, ananingoja nimalize mstari huu –